Nimechanganyishia chakula cha nguruwe Uyole miezi 9, maoni yangu haya hapa

Wakuu habari za mihangaiko. Nimechoka kupigiwa simu na kila mtu "kaka chakula unachukulia wapi siku hizi mbona nguruwe wako wametoka vile", nikimjibu mmoja kesho anapiga mwingine, basi nimeona niandike yote mara moja, mazuri na mabaya, mtu asome mwenyewe aamue.

Sehemu yenyewe ni Uyole hapa Mbeya, ukishaiacha njia panda ya kwenda Tukuyu kidogo tu, duka dogo la vyakula vya mifugo mbele, nyuma kuna mashine ya kusaga na ingine ya kuchanganya. Jina silitaji msije mkasema nimelipwa. Anayeendesha ni dada mmoja hivi hana maneno mengi, ukimsalimia anaitikia huku anapima pumba.

Sasa kabla sijasema kwanini nampa nyota 4 inabidi niwaambie nilikotoka maana bila hiyo hamtanielewa.

Mwaka jana niliachisha ziwa vitoto 11, kilo kama 10 hivi kila kimoja, wiki 8. Nikawa nanunua chakula kilichochanganywa tayari kwenye duka moja mjini, kiroba cha kilo 50, kimeandikwa kwa maka peni "PROTINI 18%", bei 750 kwa kilo, rahisi kuliko wote, nikajiona mjanja. Miezi minne nimelisha, walikula kama kilo 210 kila mmoja kwa mujibu wa daftari langu, nikamwita mteja wangu wa kitimoto aje achukue. Kupima, wastani kilo 52. Hamsini na mbili wakuu, nguruwe wa miezi sita! Af tulipochinja wa kwanza jamaa akaniangalia tu, mgongoni mafuta vidole viwili, mnofu mwembamba kama wa mbuzi wa kiangazi. Akaniambia bro mimi wateja wangu wanakula rosti, hawaji kununua mafuta ya kukaangia. Akashusha bei na sikuwa na la kumjibu.

Mimi nilijua mafuta maana yake nguruwe ameshiba vizuri. Kumbe hapana, na hili ndo nililokuja kufundishwa baadae: nguruwe akipata wanga wa kutosha halafu protini haitoshi, hawezi kujenga nyama maana vifaa vya kujengea hamna, sasa ule wanga unaobaki aupeleke wapi, anauhifadhi kama mafuta. Kwahiyo anakula vizuri, tumbo limejaa, ukimwangalia kwa mbali kanona, ila hakui.

Roho ikaniuma nikachukua nusu kilo ya kile chakula nikakituma Dar, TVLA (maabara ya serikali ya mifugo) pale Temeke wanapima vyakula vya mifugo. Majibu: protini 12.4, majivu 17. Hiyo 17 ndo iliyonimaliza. Majivu ni ile kitu inayobaki ukichoma chakula chote kikaisha, kwa chakula cha kawaida inatakiwa iwe chini ya 10 huko, ikiwa 17 maana yake kuna mchanga humo. Mchanga unaingia na dagaa, wale wa kuanikwa chini, wanasagwa na kila kitu chao. Nilikuwa nanunua mchanga kwa 750 kilo.

(Kama huna hela ya maabara chukua unga wa dagaa kijiko weka kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga unazama wenyewe. Dada wa Uyole anakufanyia hivyo hapohapo dukani ukimuuliza, glasi yake ipo kwenye kaunta.)

Basi nikatoka kwenye kosa moja nikaruka kwenye lingine. Nikasema kama tatizo ni protini ngoja niwape protini mpaka washangae. Kundi la pili nikanunua konsentreti ya kampuni (chakula kilichokolezwa protini cha kuchanganyia na pumba), imeandikwa protini 40, nikawa nachanganya na pumba mwenyewe kwa koleo, kilo 40 za konsentreti kwa 60 za pumba, wote chakula kimoja, vitoto, wakubwa, mama mwenye mimba, wote. Wiki ya pili banda linanuka mpaka macho yanawasha, ile harufu kali kama ya choo cha stendi, jirani yangu mama mtu mzima mstaarabu sana akaja akaniambia "mwanangu, ninyi mnafuga au mnatengeneza dawa?" Nguruwe wanakunywa maji balaa, wanakojoa muda wote, sakafu haikauki, vitoto vilivyotoka kuachishwa vinaharisha, viwili vikafa. Na hela inakwisha maana konsentreti sio mchezo.

Hapo ndo mtu akanielekeza Uyole.

Siku ya kwanza nimefika nikasema kwa kujiamini, dada naomba chakula cha nguruwe chenye protini nyingi. Akaniuliza, "Nguruwe wako wana kilo ngapi kaka?" Nikamwambia wakubwa tu. "Wakubwa kilo ngapi?" Sijui. Akaingia ndani akatoka na futi ya fundi cherehani akanipa, akasema kapime kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka katikati ya masikio mpaka mkia unapoanzia, njoo na namba kesho. Yaani hakuniuzia! Nilikasirika kidogo kusema ukweli, nimekuja na bodaboda ya watu. Ila ndo sababu namba moja ya hizi nyota, kwa sababu sijawahi kuona duka linakataa hela yako kwanza.

Hesabu yenyewe kwa wanaotaka: kifua kwa mita, zidisha kwa chenyewe, zidisha urefu kwa mita, zidisha 69.3. Kifua mita 1 na urefu mita 1.1 unapata kama kilo 76. Sio mizani lakini kwa kupanga chakula inatosha kabisa.

Nilivyorudi na namba akachukua kipande cha boksi akachora kisanduku, katikati akaandika 16 (asilimia ya protini inayotakiwa), kona ya juu kushoto 10 ya pumba, ya chini 40 ya konsentreti, akatoa kwa mshazari, 40 toa 16 ni 24, 16 toa 10 ni 6. Pumba 24 konsentreti 6, maana yake nne kwa moja, kilo 80 kwa 20. Af akanipigia hesabu ya kwangu niliyokuwa nachanganya kwa koleo, ikaja 22. Akasema 22 unaweza kumpa kitoto kidogo kabisa kinachoanza kula huku kinanyonya, sasa wewe unampa nguruwe wa kilo 60 ambaye 14 au 15 inamtosha, hiyo nyingine yote anaikojoa. Na kweli, nguruwe hana stoo ya protini, ikizidi ini linaivunja, nitrojeni inatoka kwenye mkojo, mkojo ukikaa sakafuni unageuka amonia. Ile harufu iliyomleta jirani ilikuwa hela yangu ya konsentreti inapaa hewani. Na vile vitoto kuharisha ni hivyo hivyo, tumbo la kitoto kilichotoka ziwani jana halijaweza kusaga protini nyingi namna hiyo, isiyosagwa inashuka chini kwenye utumbo bakteria wanafanya sherehe.

Sasa huduma yenyewe ilivyo. Unaweza kuleta mali zako akakusagia na kukuchanganyia kwa 50 kwa kilo, au ununue kwake kila kitu. Mimi nanunua kwake isipokuwa mahindi. Ana fomula zake nne tano hivi kwenye daftari, ya vitoto walioachishwa 18 mpaka 20, ya kukuzia 16, ya kumalizia 14, mama mwenye mimba 13 au 14, mama anayenyonyesha 17. Ya kukuzia anayonichanganyia kwa kilo 100 ni mahindi 35, pumba za mahindi 35, soya iliyokaangwa 13, mashudu ya alizeti 12, dagaa 3, na kilo 2 ni chokaa, chumvi, madini na premiksi (unga wa vitamini na virutubisho vidogovidogo). Inakuja kama 16 kasoro kidogo. Mara ya mwisho ilinitoka kama 943 kwa kilo pamoja na kuchanganya, ile ya kumalizia iko chini zaidi kwa sababu soya inapunguzwa na dagaa wanatoka kabisa. Dagaa kutoka sio ubahili, ukimlisha nguruwe dagaa mpaka siku ya kuchinja nyama inanuka samaki, mteja wa kitimoto atakurudishia, dada anasema toa wiki nne kabla.

Hapo kwenye soya na mashudu kuna somo ambalo nadhani wafugaji wengi hapa kwetu tunapigwa. Nilimuuliza kwanini usiweke mashudu tu soya uache, mashudu ni bei nafuu, protini ipo, namba si itafika tu 16? Akacheka. Akasema namba itafika nguruwe hatafika. Kumbe protini sio kitu kimoja, ndani yake kuna vipande vipande na nguruwe anahitaji kila kipande kwa kiasi chake, kinachowahi kuisha kwenye vyakula vya mahindi kinaitwa laisini, na mashudu ya alizeti laisini yake ni ndogo, mahindi ndo kabisa. Soya na dagaa ndo wanayo ya kutosha. Mfano aliotoa ni wa makande: ukiwa na gunia la mahindi na kikombe kimoja cha maharage, hujapata gunia la makande, una sufuria moja ya makande na mahindi mengi yaliyobaki. Na sio mfano tu wa kufurahisha, ndo hivyo hivyo hata kwa binadamu, maharage ndo yanaleta laisini ambayo mahindi yana kidogo sana, bibi zetu walishamaliza hilo somo bila maabara.

Ndo maana siku hizi mtu akiniambia chakula changu kina protini 18 namuuliza imetoka kwenye nini. Maabara ikipima protini ya kawaida inapima nitrojeni tu halafu inazidisha kwa 6.25, haijui imetoka kwenye soya au kwenye mbolea ya urea. Mjanja akitupia urea namba inapanda, na nguruwe sio ng'ombe, hana tumbo la kuifanyia kazi hiyo urea. Wachina mwaka 2008 walipata msiba mkubwa wa maziwa ya watoto kwa mchezo wa aina hiyohiyo, watu walitia melamini ili kipimo cha protini kisome juu.

Haya matokeo. Kundi la tatu ndo la kwanza kula Uyole tangu wanaachishwa mpaka mwisho. Vitoto 10, kilo 14 siku ya kuachishwa maana mama naye alikula vizuri akinyonyesha (narudi hapo). Miezi minne ileile, walikula kama kilo 218 kila mmoja, wastani wa bei nikichanganya fomula zote 920. Uzito wa mwisho wastani kilo 78. Angalieni hapo, kundi la kwanza kila mmoja alikula kilo 210 akaongeza kilo 42, hawa wamekula 218 wakaongeza 64. Chakula karibu sawa kabisa! Kile cha bei rahisi kila kilo moja ya uzito ilinigharimu 3,750, hiki cha ghali 3,130 hivi. Nilirudia hiyo hesabu mara tatu usiku mke wangu anauliza unatafuta nini kwenye hilo daftari. Na mteja wa kitimoto safari hii hakusema kitu, alilipa tu akauliza wengine lini.

Mama nguruwe nao. Zamani nilikuwa nawapa pumba na machicha. Machicha ya kiwanda cha bia watu wanayasifia kuwa yana protini 25, ni kweli, ila hiyo ni yakiwa makavu, ndoo unayobeba wewe robo tatu na zaidi ni maji, kwahiyo ile 25 usiidanganye roho yako. Mama alikuwa ananyonyesha anakonda mpaka mifupa ya nyonga inahesabika, akiachisha vitoto anakaa wiki tatu hata nne hajaonyesha joto, wakati anatakiwa ndani ya wiki moja hivi awe tayari kwa dume. Anapokosa protini kwenye chakula anayeyusha nyama yake mwenyewe atengeneze maziwa. Sasa hivi anapata hiyo ya 17 wakati wa kunyonyesha na mwezi wa tano mmoja kaachisha Jumatano, Jumatatu yake anasimama kwa dume. Na mwenye mimba usimpe hiyo, atanenepa bure akapata shida kuzaa, kilo 2 mpaka 2 na nusu ya ile ya 13 inamtosha.

Kingine nilichokipenda, viroba. Dada hapokei viroba vilivyotumika kutoka mabanda ya watu, labda umenunua vipya au vyake, na mlangoni kaweka beseni la dawa unakanyaga. Watu wanamlalamikia eti anajidai. Mimi namuelewa, homa ya nguruwe ya Afrika haina chanjo hapa kwetu wala dawa, ikiingia bandani unafukia wote, na duka la chakula ni mahali wafugaji wa kila kona wanakutana na mabuti yao. Kiroba kilichotoka banda lenye ugonjwa kikija kusagiwa, kinarudi na kifo kwa mwingine. Siku moja kuna bibi alikuja na viroba vyake vya zamani akakataliwa akanuna, dada akampa viwili vipya bure, bibi "ndaga fijo" (asante sana kwa Kinyakyusa) nyingi akaondoka anacheka.

Sasa nyota moja niliyokata.

Kwanza soya. Kuanzia kama mwezi wa pili mpaka mavuno mapya yaingie soya inaadimika na bei inapaa, yeye anaishiwa. Mara moja nikakuta kaongeza mashudu badala yake, aliniambia kabla sijalipa namshukuru kwa hilo, lakini bei akaacha ileile! Nikamuuliza dada hapa umenipunguzia nini, akasema premiksi imepanda. Hapo hakunijibu nilichouliza. Na mashudu yakizidi nyuzinyuzi zinazidi, nguruwe wanajaza tumbo mapema hawali vizuri, niliona kabisa wiki zile mbili mavi yamekuwa mengi na uzito umelala.

Pili, kuna gunia moja soya haikuiva. Kijana wake aliikaanga haraka haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, mimi nilivyofika nyumbani nikatafuna punje moja nikasikia ile ladha ya maharage mabichi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isisagwe tumboni, yaani unalisha protini na kufuli lake humohumo. Nilirudisha, akabadilisha bila maneno, lakini nauli ya bodaboda mara mbili na siku nzima imekwenda. Tangu hapo natafuna kabla ya kupakia, nawashauri na nyinyi mtafune hata akiwaangalia vibaya.

Tatu foleni ya Jumamosi. Mashine ya kuchanganya ni moja, saa nne umefika saa tisa unaondoka, vumbi la pumba mpaka kwenye nyusi, kiti kimoja na kimekaliwa na mzee wa kuku. Nenda Jumanne au Jumatano. Na risiti usipoomba hupewi.

Baridi ya Uyole mwezi wa sita na wa saba nguruwe wanakula zaidi ili wapate joto, yeye kwenye fomula habadilishi kitu, anasema ongeza kiasi tu na weka matandiko. Sijaona tatizo.

Kwa mwenye nguruwe wawili watatu wa nyuma ya nyumba sijui kama safari ya Uyole inalipa, kwa huyo labda kisanduku kile na konsentreti nzuri vinatosha, pumba nne kwa konsentreti moja, nguruwe akivuka kilo 50 punguza konsentreti. Ila ukiwa na kumi kwenda mbele mimi naona inalipa, na uende umepima, ukienda bila kilo atakurudisha kama alivyonirudisha mimi.

Nyota 4 kati ya 5. Jumatano hii naenda tena, nina mama anazaa wiki ijayo nataka ile ya 17 iwepo kabla, na nimesikia soya imeanza kupungua.